Pauni Namba Thelathini na Nne

Wilf Akroyd alikaanga samaki katika mji wetu wa Cleckheaton kwa miaka thelathini, na sikumbuki hata mtu mmoja aliyelalamikia samaki wake. Watu walilalamikia mengine. Kwamba hacheki. Kwamba ukimwambia leo kuna mvua anakujibu "naam" na kuendelea kukata viazi. Kwamba mwanaume mzima mwenye duka lake, kapera anayekaribia sitini, hela zake zote anampelekea malkia aliyekwisha kufa.

Hilo la malkia ni kweli. Wilf alikusanya pauni za dhahabu za zamani, zile zenye kichwa cha Malkia Victoria upande mmoja na ngao upande wa pili. Wanaozikusanya ni wengi, hakuna ajabu hapo. Ajabu ya Wilf ni kwamba alikusanya za mwaka mmoja tu, 1869. Miaka ile mafundi wa kiwanda cha sarafu walikipa kila chuma cha kugongea namba yake, na namba hiyo, ndogo kama chawa, ilibaki chini ya ngao kwenye kila pauni iliyogongwa nacho. Malkia yuleyule, mwaka uleule, dhahabu ileile, tofauti ni kile kinamba. Wilf alivitaka vinamba vyote. Alinunua moja moja, enzi ambazo pauni hizo hazikuwa ghali sana, akazilaza kwenye trei ya mbao yenye matundu ya mviringo yaliyotandikwa kitambaa chekundu. Matundu yote yalikuwa yamejaa isipokuwa moja, la namba thelathini na nne.

"Akroyd ana mapacha nyumba nzima," Bwana Sugden, mwenyekiti wa chama cha wakusanya sarafu, alikuwa akisema, "na anaumwa na mmoja ambaye hajazaliwa."

Sasa, dada yangu Thelma. Thelma alifiwa na mume mapema, akabaki na duka la nyuzi za kufumia, mtaa uleule wa Wilf, upande wa pili wa barabara. Shingoni alivaa pauni ya dhahabu ya bibi yetu, iliyofungwa kwenye fremu nyembamba na kuning'inizwa kwenye mkufu. Bibi alipokufa, Thelma alipata ile pauni na mimi nikapata birika. Birika lenyewe linavuja. Siongezi neno.

Ijumaa moja Thelma alikuwa kwenye foleni ya samaki kama watu wote. Zamu yake ilipofika akainama kuvuta chupa ya siki, kidani kikatoka ndani ya blauzi na kubembea juu ya kaunta, pua kwa pua na Wilf. Kichwa cha malkia kilikuwa upande wa nje, na chini ya shingo ya malkia, mwaka: 1869. Wilf alinyunyiza chumvi kwenye mkono wake mwenyewe. Namba ilikuwa upande wa nyuma, na upande wa nyuma ulikuwa unalala kifuani mwa dada yangu.

Utasema, si angeuliza? Watu wetu wako radhi kuzama kimyakimya kuliko kumsumbua aliyesimama ukingoni. Na hata angekuwa na ulimi, utamwambiaje mama wa watu, mbele ya foleni yenye mchungaji ndani yake, kwamba unaomba kuona upande wa nyuma wa kitu kilichojilaza kifuani mwake? Wilf akachagua njia ndefu. Angezoeana naye, kidogo kidogo, mpaka siku moja kidani kigeuke chenyewe.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Wilf aliinama. Alimbebea Thelma maboksi. Alimrekebishia bawaba ya mlango ambayo haikuwa na tatizo. Mwishowe akajiandikisha kwenye darasa lake la kufuma la kila Jumatano, mwanaume peke yake kati yetu wanawake wa kanisani, sindano mikononi kama mtu aliyekabidhiwa nyoka wawili. Akakaa mbele kabisa. Thelma akiinama kumnasulia vitanzi, pauni inaning'inia mbele ya macho yake, na yeye anakodoa, mashavu yamejaa, pumzi kaibana. Alifuma skafu ya kijani isiyokuwa na mwisho, kwa sababu siku Thelma alipofundisha namna ya kumalizia, yeye alikuwa anatazama kidani. Skafu iliteremka magotini, ikafika sakafuni, ikaanza kujikunja chini ya kiti.

"Enid," Thelma aliniambia jioni moja, "yule mwanaume ananipenda."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna haja ya kuambiwa. Nikimkaribia anaacha kupumua."

"Labda ana pumu."

"Pumu gani inakuja nikisogea na kuondoka nikiondoka?"

Na kusema kweli nilifurahi, maana dada yangu aliingia utotoni upya. Alinunua rangi ya midomo ambayo mama yetu angemfungia ndani kwa ajili yake. Aliimba akipanga nyuzi. Siku za Jumapili walitembea pamoja mpaka juu kilimani, yeye akiongea na Wilf akisema "naam", na siku moja, Mungu shahidi, nikamwona Wilf Akroyd anacheka katikati ya barabara, kwa sauti, mpaka mbwa wa watu akabweka. Cleckheaton nzima iliongelea kicheko kile wiki nzima.

Kisha mama aliyekuwa akichemshia chama cha sarafu chai alivunjika nyonga, nikaombwa nimshikie nafasi.

Sijawahi kuona kikao kama kile. Wazee wamekaa ukumbini nyuma ya kanisa, mbele ya kila mmoja kitambaa cheusi na taa. Bwana Sugden alinipokea mlangoni na masharti. Sarafu haishikwi usoni, inashikwa ukingoni. Na mbele ya sarafu isiyo na kifuniko mtu haongei wala hapumui, maana mate na mvuke huacha madoa yasiyotoka. "Kwa hiyo ukileta chai, Bi Enid, usituletee na mazungumzo," akasema. Nikaingia na sinia. Wote walikuwa wameinama, mashavu yamejaa, macho yamekodoka, kimya. Na wa tatu kutoka mwisho alikuwa Wilf, ameinamia pauni ya mwenzake, na uso ule ulikuwa uleule wa darasa la kufuma. Hakuna ulichopunguza, hakuna ulichoongeza.

Nilielewa yote mara moja, na chai ikamwagikia biskuti.

"Wilf," nikasema, "njoo jikoni."

Alikuja. Nikafunga mlango na kushika birika kwa mikono miwili, kwa usalama wake.

"Unampenda dada yangu au unapenda kidani?"

Akatazama viatu vyake. "Nilianza na kidani."

"Na sasa?"

"Sasa nabana pumzi hata akiwa amekiacha nyumbani."

Nilikuwa nimejiandaa kumtukana vizuri, na jibu lile likanipokonya matusi yote mdomoni. Lakini hasira yangu si ya kuzimika kwa sentensi moja.

"Basi kamwambie mwenyewe kabla sijamwambia mimi. Mficha uchi hazai."

"Bi Enid, kuzaa tena kwa umri huu?"

"Kamwambie, Wilf."

Akaenda Jumapili, na akaharibu. Mtu mwenye akili angeanza na mapenzi, kisha akakipenyeza kidani mwishoni kwa sauti ndogo. Wilf alianza na kiwanda cha sarafu. Alisimama kizingitini kwetu, skafu imezungushwa shingoni na mkia wake unaburuzika kwenye ngazi, akaeleza vyuma vya kugongea, akaeleza trei, akazitaja namba alizonazo zote kwa mpangilio, na alipofika kwenye jambo lenyewe dada yangu alikuwa amekwisha kuelewa na ameufunga mlango. Mkia wa skafu ukabanwa ndani. Ilibidi nitoke mimi, niufungue mlango, nimkabidhi skafu yake, niufunge tena.

Thelma alilia siku ile na ya pili yake. Samaki wa Ijumaa hakula. Darasa la kufuma alilivunja. Rangi ya midomo niliikuta kwenye pipa la taka. Siku moja akaniita chumbani.

"Lete ile lenzi yako ya kusomea Biblia."

Alikuwa amekivua kidani, kwa mara ya kwanza tangu siku aliyokirithi. Tukakigeuza juu ya meza, dirishani. Ngao, shada la majani, na chini yake, pale pale alipoeleza Wilf, vitarakimu viwili. Mimi nilisoma. Yeye akasoma. Tukabadilishana lenzi tukasoma tena.

Thelathini na nne.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka.

"Nikimwambia ni hii, atakuja mbio," akasema. "Na mimi sitajua maisha yangu yote alikuja kwa ajili ya nini. Nitakuwa nimelala naye kitanda kimoja na sijui."

"Basi usimwambie kitu."

"Nenda kamwambie ni kumi na mbili."

"Kumi na mbili si anayo?"

"Anazo zote ila hii, si amenihesabia hapo mlangoni. Mwambie ni kumi na mbili, haina faida kwake. Akija, kaja."

"Na asipokuja, dada?"

Akauzungusha mkufu shingoni, akanigeuzia mgongo. Nilimfungia mimi. "Asipokuja nitakuwa nimejua," akasema.

Njia ya mwongo ni fupi, na ile ya kutoka duka la nyuzi hadi kwa Wilf ni kuvuka barabara tu. Nilivuka Ijumaa, saa ya chakula cha mchana, duka limejaa, foleni imetoka mpaka nje. Nikaruka foleni. Nilisikia migongo ikikakamaa nyuma yangu, maana huku unaweza kuiba ng'ombe ukasamehewa, kuruka foleni hapana. Sikujali. Nikaenda mpaka kaunta. Wilf alikuwa ameshika samaki mkiani, unga wa maji unamdondoka, amekonda, ndevu hazijanyolewa.

"Wilf," nikasema. "Tumekisoma. Ni kumi na mbili."

Karai lilikuwa linachemka.

"Kumi na mbili?"

"Kumi na mbili. Unayo."

"Ninazo mbili za kumi na mbili," akasema polepole. Nikaangalia uso wake, nikisubiri usawijike. Haukusawijika. Ulianza kufunguka kuanzia kwenye masikio. "Ni kumi na mbili," akamwambia mwanamke aliyekuwa mbele ya foleni, ambaye alikuwa ameomba njegere za kuponda tu. "Umesikia? Haina maana yoyote. Asante Mungu. Bi Enid, nishikie hii."

Akanipa samaki mbichi mkononi, akaruka kaunta ambayo ilikuwa na mlango wake mzuri tu pembeni, akatoka na aproni yake, akavuka barabara bila kutazama magari. Nilizima gesi kwa mkono uliobaki. Nilipogeuka, duka lilikuwa tupu. Foleni nzima ilikuwa imemfuata, na nilipofika kwenye duka la nyuzi niliikuta imejipanga upya ukutani, kila mtu kwenye nafasi yake ileile, mwanamke wa njegere mbele. Nikaomba radhi, nikairuka mara ya pili.

Thelma alikuwa nyuma ya meza yake, ameshikilia donge la uzi mwekundu.

"Ni kumi na mbili," Wilf alikuwa anasema, anahema.

"Najua."

"Haina faida kwangu."

"Najua pia."

"Basi nimekuja."

"Umekuja kufanya nini, Wilf?"

"Kukuomba nikuoe. Kama hujali harufu ya mafuta."

Donge lilianguka, likabingirika mpaka mlangoni, mtu wa foleni akaliokota. Thelma alimtazama yule mwanaume mwenye unga mpaka kwenye kope.

"Na kama ingekuwa thelathini na nne?"

Wilf alifikiri. Ndicho nilichompendea baadaye, kwamba alifikiri kwanza.

"Ningekuja vilevile," akasema. "Ila wewe usingeniamini, na mimi nisingekulaumu."

"Mkubalie, mama," akasema mwanamke wa njegere. "Watu tuna njaa."

Hapo dada yangu akaingiwa na hofu, na sababu niliijua mimi peke yangu. Mdanganyifu sasa alikuwa yeye. Akakishika kidani, akakinyoosha mbele. "Kigeuze, Wilf."

Wilf akaweka mikono nyuma. "Sina haja."

"Nakuomba ukigeuze."

"Sigeuzi. Nikikigusa tu, yameanza upya." Na akafumba macho kabisa, amesimama katikati ya nyuzi kama mtoto anayekataa dawa. Mwanaume ambaye kwa miezi minane alifuma skafu ya kumfunga tembo ili aone upande ule, sasa anabembelezwa auone, na hataki. Foleni ikagawanyika. Wengine wakamwambia afumbue, wengine wakamwambia asidanganyike. Mchungaji alikuwa upande wa kutofumbua. Thelma akazunguka meza, akamshika kidevu.

"Wilf Akroyd, fumbua macho, nimekudanganya. Ni thelathini na nne."

Akafumbua jicho moja. Kisha la pili. Akasoma bila lenzi, sijui kwa macho gani, kisha akakaa juu ya kapu la nyuzi za watoto.

"Umenidanganya," akasema.

"Nawe ulinidanganya. Ulijifanya unafuma."

"Nilikuwa nafuma kweli."

"Ile haikuwa kufuma, Wilf."

Akaanza kucheka, kile kicheko cha kubwekesha mbwa, na Thelma akacheka mpaka akakaa naye kapuni, na kapu likapasuka. Kutoka sakafuni dada yangu akasema jibu lake ni ndiyo, lakini asikilize vizuri, kidani hakitavuka shingo yake, na trei itabaki na tundu lake mpaka mmoja wao azikwe.

"Na libaki," akasema Wilf.

Wakaoana Aprili. Lakini mimi ni mimi, na neno la mwanaume aliyekaa juu ya nyuzi, mwanamke kamshika kidevu, halikunitosha. Mwaka mzima nilipoketi kwao kunywa chai niliitazama ile trei kwenye kabati la vioo na tundu lake jekundu, nikijiuliza linamwuma kiasi gani.

Nikajibiwa mjini York, kwenye maonyesho ya sarafu. Tulikwenda chama kizima, na Thelma akaja kwa ajili ya safari. Saa sita hivi Bwana Sugden alinipita mbio, mzee wa watu, akamvuta Wilf kwa mkono mpaka meza ya mfanyabiashara mmoja. Nikawafuata. Pale juu ya kitambaa cheusi palikuwa na pauni ya 1869, safi, haijawahi kufungwa fremu wala kuguswa na sonara. Namba thelathini na nne. Bei ilikuwa ya kawaida, na Wilf alikuwa na pesa mfukoni.

Alikishika kile kidude ukingoni. Akainama. Mashavu yakajaa. Wenzake wote wakasimama nyuma yake nao wakabana pumzi, maana walilijua lile tundu kama jino lao wenyewe. Nami nikabana yangu, kana kwamba mimi ndiye niliyeolewa. Akaigeuza, akaisoma, akaigeuza tena. Kisha akairudisha juu ya kitambaa, taratibu.

"Nzuri sana," akamwambia mwenye meza. "Lakini namba hii ninayo."

"Huna, Akroyd," akasema Bwana Sugden. "Tundu nalitazama kila nikija kwako."

"Ninayo," akasema Wilf. "Ile pale, kwenye meza ya pai."

Thelma hakusikia kitu. Alikuwa mbali, anagombana na mwuza pai kuhusu chumvi. Nilikaa na siri ile mpaka tulipopanda treni ya kurudi. Wilf alikuwa amelala karibu na dirisha, mdomo wazi, ndipo nikamsimulia dada yangu, neno kwa neno. Thelma, ambaye hanyamazi hata kwenye mazishi, alishika mkono wa koti la mume wake na hakusema lolote mpaka tulipofika kituo cha Leeds.